Udzungwa: yasemwayo mjini na yanayokusubiri Mang'ula

Ukisema unakwenda msituni, ushauri hauishi: jihadhari na nyoka, kuna chui, usisogee mtoni. Lakini wanaoharibikiwa na safari ya Udzungwa mara nyingi hawaharibiwi na mnyama. Mmoja ameshuka basi mkoa usio wake, mwingine kavaa jinzi, wa tatu kaanza kupanda saa sita mchana, na wa nne kafika getini na burungutu la noti ambalo hakuna wa kulipokea. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na msituni humo hakuna barabara ya gari. Kila kitu ni kwa miguu. Kosa ambalo hifadhi ya Mikumi ungelifunika kwa kufunga kioo cha gari, huku unalibeba mgongoni mpaka jioni.

"Udzungwa iko Iringa"

Ni nusu ya ukweli. Milima yenyewe imelala kati ya mikoa ya Iringa na Morogoro, ila makao makuu ya hifadhi na njia nyingi za wageni ziko Mang'ula, upande wa bonde la Kilombero, Morogoro. Ukitoka Dar, panda basi la Ifakara, au treni ya SGR hadi Morogoro kisha basi pale stendi ya Msamvu. Mikumi mjini mnaacha barabara kuu na kukata kushoto, mnapita Kidatu na mashamba ya miwa, mlima ukiwa umesimama upande wenu wa kulia kama ukuta. Ukiona gari limeanza kona za mlima Kitonga, njia ya Iringa, umeshapitiliza.

"Msitu wa mvua unanyesha mwaka mzima, kwa hiyo mwezi wowote ni sawa"

Si sawa hata kidogo. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi unagonga miteremko ya mashariki, unapanda, unapoa na kumwaga maji. Ndiyo maana upande wa Mang'ula ni msitu mzito huku upande wa magharibi ukiwa mkavu zaidi. Masika ya Machi hadi Mei njia hugeuka utelezi, vijito vinajaa, na safari ya nusu siku inaweza kula siku nzima. Mvua hurudi kuanzia Novemba. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi ya kutembea. Kama ni mimi nachagua, nachagua Juni: maporomoko bado yana maji ya masika, na udongo umeanza kushika mguu.

Kiangazi nacho kisikudanganye. Hata Agosti ukungu unaweza kushuka na manyunyu yakakukuta katikati ya mlima. Hapo ndipo jinzi inapokuwa adui: ikilowa inakuwa nzito, inachubua mapaja na haikauki hadi kesho yake. Koti zito la mvua nalo linakulowesha kwa ndani, kwa jasho lako mwenyewe. Vaa suruali nyepesi inayokauka haraka, shati la mikono mirefu, soksi ndefu, na viatu vyenye meno ambavyo mguu umeshavizoea. Kiatu kipya kilichotoka dukani jana kitakutoa malengelenge kabla hujaona maji. Suruali iingize ndani ya soksi. Hutapendeza kwenye picha, lakini siafu na kupe hawataona pa kupandia. Simu na nguo za kubadilisha ziwe kwenye begi lisilopitisha maji. Usitegemee mfuko wa plastiki wa dukani, maana Tanzania imeupiga marufuku tangu Juni 2019.

"Tropiki ni joto tu, sweta la nini?"

Hifadhi inaanzia chini bondeni, kwenye mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele chake kirefu, Luhombero, kina mita 2,576. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Mtu wa matembezi ya saa chache hatajali. Anayelala njiani kuelekea kilele cha Mwanihana, safari ya siku tatu, atalitafuta sweta hilo kabla ya saa mbili usiku.

"Kilomita tano? Saa moja tu"

Kwenye lami, naam. Njia ya maporomoko ya Sanje si ndefu ukiitazama kwenye ramani, ila tenga saa nne au tano. Unapanda ngazi za udongo na mizizi, unasimama kuvuta pumzi, unasimama tena kwa sababu kuna mbega juu yako. Maporomoko yenyewe yanashuka jumla ya mita 170 kwa vipande vitatu, na huwezi kuyafikia ukaondoka bila kukaa. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: njia hiyo inaanzia kijiji cha Sanje, siyo getini Mang'ula, wakati malipo na taratibu zote zinaanzia Mang'ula. Kwa hiyo panga usafiri wa kati, bodaboda au gari, na utoke mapema. Saa mbili asubuhi uwe umeshaanza kutembea. Jua la kwetu huzama saa kumi na mbili na ushei, lakini chini ya miti mikubwa giza halisubiri saa hiyo.

"Nikiwa na hela taslimu sina shida"

Kijijini, sawa. Hifadhi za taifa hazipokei noti. Unalipa kwa kadi ya benki au kwa namba ya malipo, maarufu kama kontroo namba, hata kwa simu. Chaji simu tangu usiku na uwe na salio la kutosha. Kitambulisho nacho ni pesa: raia wa Afrika Mashariki anatozwa kwa shilingi, kiwango cha chini mno kuliko cha mgeni anayelipa kwa dola, lakini sharti uonyeshe kwamba ni raia. Kikundi kinachotoka Nairobi au Kampala kibebe vitambulisho vya wote, si vya kiongozi wa safari peke yake.

"Sisi wa huku malaria tumeizoea"

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hii ndiyo inayolaza watu. Bonde la Kilombero lina historia ndefu ya malaria, kiasi kwamba utafiti mwingi wa mbu nchini umefanyika Ifakara. Kinga ya mwilini ambayo mtu mzima wa kijijini anayo hujengwa kwa kuambukizwa mara kwa mara, na hupungua akiishi mahali ambapo ugonjwa ni nadra. Mtu aliyekaa Arusha au Nairobi miaka mingi asijihesabu kuwa mwenyeji. Mtoto wa ndugu zetu aliyezaliwa Minnesota au Muscat ndiyo kabisa, hana kinga yoyote, hata kama bibi yake ni wa Mahenge.

Wengine huenda na dozi ya mseto wakidhani wanajikinga. Mseto ni dawa ya kutibu baada ya kipimo, si ya kuzuia. Dawa za kuzuia ni nyingine, na kila moja ina ratiba yake: atovakwoni na proguanili huanza siku moja au mbili kabla ya safari na kuendelea siku saba baada ya kurudi; doksisiklini huendelea wiki nne baada ya kurudi, na haiwafai wajawazito wala watoto wadogo. Daktari ndiye wa kukuchagulia. Tena hatari kubwa haiko kwenye njia ya maporomoko mchana. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, kwa hiyo iko pale unapokula chakula cha jioni kwa kaptura na unapolala bila chandarua. Ukipata homa wiki kadhaa baada ya kurudi, pima, na mwambie mganga ulikuwa wapi.

Kwa wanaovuka mpaka: Tanzania hudai kadi ya homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, zikiwemo Kenya, Uganda, Burundi na Kongo. Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, basi usiifanye siku moja kabla ya safari. Ile habari ya kuirudia kila miaka 10 ilikwisha mwaka 2016. Kadi sasa ni ya maisha.

"Nitaona wanyama kama Mikumi"

Utasikia zaidi ya kuona. Tembo, nyati na chui wamo, na ndiyo sababu njia ndefu zinahitaji askari mwenye bunduki, lakini ukirudi bila kumwona hata mmoja usilalamike. Mali ya Udzungwa iko juu ya miti: mbega mwekundu wa Iringa, na mangabei wa Sanje, jamii ya kima ambaye hapatikani kokote nje ya milima hii. Huyo mangabei wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, na kilichowashtua kwanza kilikuwa mlio wake, ingawa wenyeji walikuwa wakimjua siku zote. Darubini ndogo itakufaa kuliko lenzi kubwa. Na mwongozaji si urembo wa Wazungu. Macho yake ndiyo yanayokuonyesha tawi linalotikisika.

Nyoka? Wapo, na wengi watakuhisi na kuondoka kabla hujafika. Usitie mkono usipopaona. Akikuuma, usichanje wala usinyonye. Tuliza kiungo na uwahishwe hospitali. Kitakachokusumbua kwa uhakika zaidi ni upupu kwenye vichaka vya pembezoni, na ukikuna ndiyo unausambaza.

"Udongo wa kwenye buti ni uchafu tu"

Katika milima hiihii, kwenye korongo la Kihansi, waliishi vyura wadogo wa manjano waliotegemea manyunyu ya maporomoko. Maji yalielekezwa kwenye mtambo wa umeme, kisha mwaka 2003 vyura hao wakafa kwa wingi na wataalamu wakakuta kuvu anayeua vyura. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Waliosalia walikuwa kwenye bustani za wanyama Marekani, na walianza kurudishwa mwaka 2012. Kuvu huyo husafiri kwa maji na tope. Kwa hiyo ukitoka Udzungwa na mpango wako ni kuendelea misitu ya Amani au Kakamega, piga viatu brashi, visafishe kwa dawa ya kuua vijidudu, na uvianike juani vikauke kabisa kabla ya kuvivaa msitu mwingine.