Je, wajua kwa nini kaunti inaweza kuandikisha zaidi ya asilimia 100 ya watoto shuleni?

Ukipitia takwimu za elimu za kaunti, iwe Nakuru, Kisumu au Kakamega, usishtuke ukikuta uandikishaji wa shule za msingi umepita asilimia 100. Hao wa ziada wametoka wapi?

Jibu limo katika namna hesabu inavyopigwa. Wanafunzi wote walio darasani, wa umri wowote, hugawanywa kwa idadi ya watoto wa umri rasmi wa shule ya msingi, ambao kwa mtaala wa sasa ni miaka 6 hadi 11. Kijana wa miaka 14 aliyerudia darasa, msichana aliyerejea baada ya kujifungua, mtoto aliyechelewa kuanza kwa sababu shule ilikuwa mbali: wote wanaongeza idadi ya wanafunzi, lakini hawamo katika idadi ya watoto. Hata Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza mjini Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, alihesabika mwanafunzi kama wenzake. Karo ilikuwa imefutwa Januari 2003, na wanafunzi wa msingi nchini wakaruka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Wengi wao umri ulikuwa umewapita.

Halafu kuna mipaka. Soko la Kiboswa, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, liko pale Kisumu inapopakana na Vihiga. Mtoto akilala upande huu na kusoma upande ule, sensa inamhesabu kwao na shule inamhesabu kwake. (Wanafunzi hewa nao wapo: shule ya msingi ikitengewa shilingi 1,420 kwa kila jina kwa mwaka, kishawishi cha kuongeza majina hakikosekani.)

Ndiyo maana mimi huangalia kwanza kiwango halisi, kinachohesabu wanafunzi wa umri rasmi peke yao. Tuseme tarafa ina watoto 1,000 wa miaka 6 hadi 11, na shule zake zina wanafunzi 1,080, lakini 850 tu ndio wa umri huo. Kiwango cha jumla ni asilimia 108. Kiwango halisi ni 85. Wale 150 wasioonekana si lazima wawe nyumbani. Wengine wana miaka 6 na bado wako PP2, yaani darasa la mwisho la chekechea. Wengine, hata hivyo, wanachunga ng'ombe au wanalea wadogo zao, na ile 108 inayotajwa kwenye baraza imewafunika kabisa.

Kiwango cha elimu cha wakazi ni hesabu nyingine tena. Hapo watu wazima huulizwa walifika wapi, na aliyeacha darasa la sita mwaka 1990 hubaki katika takwimu za kaunti yake maisha yake yote, hata shule za leo zijae namna gani.