Mbwa mzee anayechechemea: maswali kutoka chini ya mkorosho

Msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, mzee mmoja wa Tandahimba alinipigia simu kuhusu mbwa wake, Bosi. Ana miaka 11, amelinda korosho za mwenyewe tangu utotoni, na sasa anaamka kwa taabu na kuchechemea mguu wa nyuma. Nilipofika shambani mzee akaanza kuniuliza maswali, na mengi nilishayasikia Masasi, Mikindani na Nachingwea. Haya hapa, na majibu niliyompa.

Daktari, si uzee tu huu?

Uzee upo, mzee wangu, lakini kinachomchechemesha ni maumivu. Ncha za mifupa zinapokutana kwenye kiungo zimefunikwa na gegedu, laini na telezi. Gegedu ikilika, kiungo kinavimba kwa ndani na mfupa unaanza kuota vijino pembeni. Ni jamaa wa kile ambacho wengi wetu tukikipata tunakiita baridi yabisi. Gegedu iliyolika hairudi, ila maumivu yanatulizwa vizuri tu.

Bosi aliwahi kugongwa na bodaboda, mguu ukajiunga wenyewe bila kunyooshwa. Goti lile limekaa upande miaka yote hiyo, na sasa ndilo linalomsumbua. Mbwa wakubwa wa kizungu wao huugua zaidi nyonga, wengine wamezaliwa nazo hazijakaa sawa.

Mbona halii?

Mbwa mwenye maumivu ya muda mrefu mara nyingi halii. Mtazame anavyoamka. Bosi alitanguliza miguu ya mbele, akavuta makalio, akasimama kidogo kama anayewaza, kisha akaenda hatua 6 kwa miguu mitatu ndipo wa nne ukagusa chini. Baada ya dakika chache alikuwa anatembea karibu sawasawa. Ugumu wa kuamka unaolegea akishatembea ni dalili kubwa ya kiungo kilicholika.

Halafu shika mapaja yake yote mawili kwa viganja. La kushoto kwa Bosi lilikuwa jembamba kuliko la kulia, maana mguu usiotumika hukonda. Nilipokunja goti taratibu, nilisikia mkwaruzo mkononi kama mchanga ndani ya kitambaa. Akageuka akanitazama tu, lakini hata mbwa mpole anaweza kuuma akitoneshwa. Kwa hiyo nilikuwa nimeshamfunga mdomo kwa kipande cha kanga kuukuu, kikapita chini ya kidevu na kufungwa nyuma ya masikio. Watoto wakae mbali wakati huo.

Nitajuaje kama si kitu kingine?

Anza na unyayo: mwiba, funza katikati ya vidole, ukucha uliopasuka. Nimewahi kuitiwa "baridi yabisi" nikatoa mwiba.

Kupe nao wasidharauliwe. Wana ugonjwa wanaouacha kwenye damu ya mbwa: homa, viungo kuvimba, leo anachechemea mguu huu, kesho ule, fizi zinapauka, wengine wanatoka damu puani. Huo una dawa yake, na ukiutibu kama uzee unampoteza mbwa.

Mbwa asiyekanyaga kabisa ghafla, au mwenye uvimbe mgumu kwenye mfupa, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Akilegea miguu huku sauti imebadilika, mate yanamtoka na hawezi kumeza, usimtie mkono mdomoni kutafuta mfupa uliokwama. Huenda ni kichaa cha mbwa. Akiuma mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali bila kungoja. Hata mbwa mzee anahitaji chanjo yake.

Kijana wangu alimpa dawa yangu ya mgongo. Nimwongezee?

Hapa nilipandisha sauti kidogo, mzee akacheka. Diklofenaki na ibuprofeni zinazouzwa duka la dawa kwa ajili yetu zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Parasetamoli nayo usimpe kwa kubahatisha, na paka usimpe kabisa, kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Kuna dawa zinazomfaa mbwa, kwa mfano kaprofeni na meloksikamu, lakini kwa kipimo chake. Meloksikamu kwa kawaida ni miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito siku ya kwanza, kisha 0.1 kila siku. Mbwa wa kilo 15 anatakiwa miligramu 1.5 kwa siku. Kidonge chetu kidogo kina 7.5, yaani mara tano. Ndiyo maana tunampima uzito kwanza, tunauliza habari za figo na ini, na dawa inaliwa pamoja na chakula. Akitapika, akikataa kula au akitoa kinyesi cheusi kama lami, acha dawa upige simu. Na ukiitisha bwana mifugo, mwambie alichokwisha kupewa, kwa sababu sindano ya deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, juu ya dawa hizi ni hatari kubwa.

Mafuta ya ganda la korosho je? Wazee walikuwa wanapaka.

Wewe mwenyewe unajua yanavyofanya vidole vya wabanguaji. Yataunguza ngozi, naye atayalamba. Tumia taulo lililokamuliwa maji ya uvuguvugu, dakika 10 juu ya goti, asubuhi kabla hajatembea.

Nyumbani nifanye nini?

Bosi alikuwa analala kwenye sakafu ya saruji ya ghala. Tulichukua gunia la korosho lililochakaa, tukajaza majani makavu, tukaliweka juu ya chaga mbili za mbao ili lisiguse chini. Newala na Tandahimba mwezi wa 6 na wa 7 kuna baridi, na kiungo kibovu hukijua kabla yako. Kama dini au mazoea yako hayaruhusu mbwa ndani, hakuna shida. Banda kavu linatosha.

Kucha zake zilikuwa zinagonga saruji, tukazipunguza, maana kucha ndefu hupinda vidole na kuvuta goti.

Uzito: mbavu zake zipapasike bila kubonyeza. Mbwa wa shamba mara nyingi ni wembamba, tatizo hili nalikuta zaidi mjini, ugali na mabaki kila saa. Kilo moja ikipungua kwa mbwa mdogo, goti linaijua.

Kutembea kusiachwe. Dakika 10 asubuhi na 10 jioni ni bora kuliko safari moja ndefu ya Jumapili. Wa Mikindani wampitishe kwenye mchanga mgumu maji yakikupwa, si ule mkavu unaozamisha miguu. Akipenda kuogelea, mwacheni, maji yanambebea uzito. Asiyanywe tu, na mwogesheni maji yasiyo na chumvi baadaye.

Nitajua lini kama dawa inafanya kazi?

Dawa ikimkubali, unaona ndani ya siku chache. Uzito na mazoezi ni wiki kadhaa. Nilimwambia mzee achukue daftari la mauzo ya korosho, aandike ukurasa wa nyuma hatua ambazo Bosi anakwenda kabla mguu wa nne haujagusa. Jumatatu alikuwa 6. Jumapili iliyofuata alinipigia kusema ni 2, na kwamba Bosi amemfukuza mbuzi.