Katuni ya 1899 darasani: maelezo kwa wazazi na walimu

Wazazi wanaozungumza Kiswahili hapa Marekani wamekuwa wakituletea malalamiko kwamba watoto wao wa sekondari wanaonyeshwa picha ya kuwadhalilisha watu weusi. Picha yenyewe ni katuni ya Louis Dalrymple, iliyotoka katika jarida la vichekesho la Marekani, Puck, tarehe 25 Januari 1899. Inaumiza, hatukatai. Lakini ukiiondoa darasani umemnyang'anya mwanafunzi ushahidi.

Itazameni yote. Mjomba Sam, mzee anayewakilisha Marekani, ni mwalimu mkali. Mbele yake wamekaa wanafunzi wanaowakilisha Ufilipino, Hawaii, Puerto Rico na Kuba. Mwezi uliotangulia, kwa Mkataba wa Paris uliomaliza vita kati ya nchi hizo mbili, Uhispania ilikuwa imeiachia Marekani Ufilipino kwa dola milioni 20. Mvulana mweusi anasafisha dirisha, hana hata kiti. Mwenyeji wa asili wa Marekani amekaa peke yake nyuma, kitabu kakishika juu chini. Na mtoto wa Kichina amesimama mlangoni, hajaingia. Hapo mlangoni ubeberu na uhamiaji vinakutana, na hapo ndipo walimu wengi wanapita haraka.

Sheria ya Marekani ya 1882 iliwazuia vibarua wa Kichina kuingia. Ya 1892 ikawataka waliokuwa tayari nchini wajiandikishe kwa ofisa wa kodi ndani ya mwaka mmoja na kupewa cheti cha ukaazi. Aliyekutwa bila cheti alikamatwa, akafikishwa mbele ya jaji, na kufukuzwa nchini, isipokuwa aeleze sababu ya kukikosa na alete angalau shahidi mmoja mzungu wa kuthibitisha ukaazi wake. Wachina walizuiwa hivyo hadi 1943.

Tumekwisha kusema mara nyingi: kupinga makoloni hakukuwa kuwapenda wageni. Samuel Gompers, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alikuwamo katika Ligi ya Kupinga Ubeberu, chama kilichopinga Marekani kutwaa makoloni, na papo hapo akitetea Wachina wafungiwe mlango. Alihofia kwamba Ufilipino ikitwaliwa, vibarua wa ujira mdogo wangefurika. Wafilipino wenyewe waliruhusiwa kuingia kama watu wa himaya ya Marekani hadi 1934, pale sheria iliyowaahidi uhuru ilipowawekea kikomo cha watu 50 kwa mwaka.

Mwalimu, usiionyeshe katuni hii bila tarehe, jina la jarida na nusu saa ya mazungumzo. Mzazi, anza kwa mwalimu. Omba kuona maswali aliyoyaandaa. Usiporidhika, nenda kwa mkuu wa shule, kisha iandikie wilaya ya shule, ukitaja somo na siku.