Msiniletee kijana kwa sababu ya kifua chake

Nikikaa kijiweni hapa Mwanga, Kigoma, hazipiti siku nyingi kabla mzee mmoja hajaniambia kwamba amenipatia mchezaji wa raga. Mchezaji mwenyewe ni kuli wa Kibirizi, anapandisha mifuko miwili ya saruji kwenye boti kwa mpigo, na eti kazi yangu iliyobaki ni kumtafutia timu Ulaya. "Raga si mpira wa akili, bwana mdogo. Ule ni kifua tu." Juzi nimeletewa mwingine, safari hii na picha ya kijana kifua wazi, amebana pumzi mpaka mishipa ya shingo imesimama. Basi naandika. Mzee wa kesho nitamtumia hii kwenye simu nimalizie kahawa yangu.

Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba. Kabla ya kurudi nyumbani Kigoma nilifanya kazi na vijana wa raga Nairobi, wale wa umri wa kutoka shule kuingia klabu, na huo ndio umri wanaosajiliwa wachache wanaofika mbali. Sitadanganya kwamba ukubwa hauna maana. Una maana sana, hasa kwa wachezaji wanane wa mbele. Ninachokataa ni kwamba ukubwa wa kijana wa miaka 16 unakuambia atakuwa nani akifika miaka 23.

Mtoto wa kiume hurefuka kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote wa ujana wake akiwa na miaka 13 au 14 hivi. Huo ni wastani. Wapo wanaotangulia, wapo wanaochelewa, na wawili waliozaliwa mwezi mmoja wanaweza kupishana miaka kadhaa ya ukuaji. Sisi huku tumezoea kutaniana kuhusu umri wa cheti na umri wa uwanjani. Mimi nauliza umri wa mfupa, yaani mifupa yake imekomaa kiasi gani, ambao hakuna afisa wa kata anayeweza kukuandikia upya.

Sasa fuata maisha ya yule aliyetangulia kukua. Ana miaka 14, ndevu zimeanza, wenzake bado sauti nyembamba. Akipewa mpira anakimbia moja kwa moja, anawapitia, anafunga trai, yaani anaugusisha mpira chini ng'ambo ya mstari wa wapinzani. Kocha anafurahi, maana kocha naye anataka kombe. Mwaka wa pili hivyohivyo. Wa tatu hivyohivyo. Miaka yote hiyo hajawahi kulazimika kutoa pasi wakati watu wawili wanamjia, wala kubadilisha mguu ili kumkwepa mtu, wala kuangusha mtu mzito kuliko yeye, kwa sababu hakuna aliye mzito kuliko yeye. Halafu wenzake wanafika miaka 18 na wote wamekua. Ghafla yeye ni mtu wa kawaida, tena anayejua jambo moja tu, na hilo moja haliwezekani tena. Nimewaona wakiacha mchezo wakiwa na miaka 20, wanasema wamerogwa. Hawakurogwa. Walishinda mapema mno.

Yule mdogo aliyebaki timuni, kama hakuvunjika moyo, amekuwa akiishi kwa ujanja muda wote huo: anasoma nafasi, anapasi kabla hajaguswa, anaangusha kwa kushika mapaja kwa sababu juu hafiki. Mwili wake ukija kukua unakuta ufundi umeshakaa. Auckland, New Zealand, wanalijua hili, ndiyo maana ligi zao za watoto zina madaraja ya uzito. Uingereza mwaka wa shule huanza Septemba, na kwenye vituo vya kulea wachezaji utakuta waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka huo, yaani wakubwa wa darasa lao, ni wengi kuliko haki yao. Si kwamba Mungu anagawa vipaji kuanzia Septemba. Ni kwamba kocha anapoangalia mstari wa watoto anamchagua aliyekomaa, kisha anaita hicho kipaji.

Mifano? Cheslin Kolbe wa Afrika Kusini hafiki mita 1.75. Alihamia klabu ya Toulouse, Ufaransa, mwaka 2017, timu ya taifa ya wachezaji 15 ikamchezesha mara ya kwanza 2018 akiwa na miaka 24, na mwaka uliofuata alifunga trai kwenye fainali ya Kombe la Dunia Yokohama, wakawapiga Uingereza 32-12. Mfaransa Antoine Dupont, ambaye wengi wanamhesabu kuwa bora duniani, naye ana mita 1.74 tu. Hao wangekaa pale Kibirizi, mzee wangu asingewatuma hata soda.

Hapo lazima mtu anitajie Tendai Mtawarira, yule Mzimbabwe waliyemwita Beast. Naam, mtu mkubwa kweli. Lakini mtajeni mpaka mwisho. Aliingia klabu ya Sharks ya Durban akiwa mchezaji wa safu ya nyuma ya skramu (pale wanane wa mbele wa kila timu wanaposhikana na kusukumana kugombea mpira), mtu wa kukimbia na mpira. Kocha Dick Muir akamhamishia mstari wa mbele kabisa, akawe propu, yaani mmoja wa wawili wa pembeni mwa mstari huo, na ikabidi ajifunze kazi upya akiwa tayari mtu mzima. Timu ya taifa ya Afrika Kusini ilimwita 2008, na aliichezea mechi 117. Kifua alikuwa nacho tangu zamani. Kilichompeleka huko ni kukubali kuwa mwanafunzi tena.

Na propu ndipo wazee wa kijiweni wanaponikera zaidi, maana wanadhani ni kusukuma tu. Kwenye mechi za chini ya miaka 19 sheria inakataza skramu kusukumwa zaidi ya mita 1.5. Kwa wakubwa kikomo hicho hakipo. Kwa hiyo kijana wa miaka 19 anayesaini mkataba wake wa kwanza anaingia kwenye msukumo ambao hajawahi kuuhisi maishani, mbele yake mtu wa miaka 32 anayejua kuhamisha bega kidogo tu hadi shingo ya mtoto ipinde. Nguvu za gunia hazisaidii hapo. Gunia halikusukumi. Kinachotakiwa ni shingo, kiuno, nyayo zinazokaa mahali pake, na mgongo usiopinda wakati wenzako wa nyuma wanakusukuma na wanane wa kwao wanakuzuia mbele. Propu wengi hukomaa miaka kadhaa baada ya mawinga wa rika lao, na klabu yenye akili haiwaharakishi.

Miaka ya mwanzo yenyewe haina mengi ya kusimulia: mazoezi ya vyuma, video, kubebeshwa mifuko ya mipira, kuazimwa timu ya daraja la chini, kukaa benchi. Kitabu pia kisiachwe. Maro Itoje aliongoza vijana wa Uingereza kutwaa ubingwa wa dunia wa chini ya miaka 20 mwaka 2014, na bado alikuwa anasomea siasa chuo kikuu London.

Kuna mawili yananinyima usingizi. La kwanza ni kilo. Klabu inataka kijana aongeze uzito, mimi ndiye naandika programu, lakini akirudi mwaka unaofuata na kilo nane zaidi siwezi kusema kwa uhakika ngapi zimetokana na vyuma na ngapi angezipata hata angelala tu. Watu wa kazi yangu hupokea sifa za zote.

La pili ni kichwa. Anayeumia zaidi kichwa si anayeangushwa, ni anayeangusha, hasa akiingia wima na kichwa upande mbaya. Kijana mkubwa ambaye hakufundishwa kuinama ndiye namhofia kuliko wote. Mwongozo wa dunia unasema mchezaji wa kawaida aliyepata mtikisiko wa ubongo, asiye na madaktari wa kumfuatilia yeye binafsi, asirudi mechini kabla ya siku 21. Nani atazihesabu hizo siku huku kwetu, ambako mtu aliyezimia uwanjani humwagiwa maji na kuambiwa inuka? Ndiyo maana wazazi wakiniuliza mtoto aanze kugongana akiwa na umri gani, jibu langu hubadilika mwaka hadi mwaka, na wa kwangu bado nimemwacha acheze ile raga ya kuguswa tu, isiyo na kuangushana.

Kwa hiyo, mzee wangu, picha ya kifua irudishe. Mlete kijana mwenyewe jioni pale kwenye majani, aje na kaptura na mwenzake mmoja wa kumwangusha. Mizani sitaileta.