Nikaha iliyogoma kufunguka: yanayosemwa na yalivyo

Mama mmoja wa Mkoani, Pemba, alinijia Mlandege, mjini Unguja, na kadi ya kamera ameifunga kwenye ncha ya kanga kama pesa. Humo mna nikaha ya mwanawe. Ilifungwa msikitini, wanaume peke yao, naye alikuwa nyumbani na wenziwe. Asipoiona kwenye video, basi haioni tena. Aliambiwa bwana harusi alikwama kwenye "nimekubali" hadi watu wakacheka, na hapo hasa ndipo anapopataka. Kamera iliishiwa betri watu hawajainuka. Faili lipo, GB 3 na ushei, lakini halichezi wala halikubali kubadilishwa. Kabla ya kufika kwangu lilikuwa limeshapita kwa vijana watatu, kila mmoja na dawa yake. Dawa zenyewe nazisikia kila wiki.

Ya kwanza nyepesi: "Futa mp4 mwisho wa jina, andika avi." Hizo ni aina mbili za faili la video, lakini jina ni kibandiko tu. Chupa ya mafuta ya taa ukiibandika neno asali, ionje uone.

Ya pili ndiyo mama yao: "Ikonvati, itapona." Programu ya kubadilisha video, iwe HandBrake au nyengine yoyote, lazima kwanza ilisome faili la zamani ndipo iandike jipya. Ikishindwa kusoma haina cha kuandika, na ukiilazimisha itakupa faili tupu au kioo cheusi chenye mikwaruzo.

Faili la MP4 lina sehemu mbili kubwa. Moja huitwa mdat, na humo ndimo zilimo picha na sauti zenyewe. Ya pili huitwa moov, nayo ni daftari: kila fremu, yaani picha moja moja ya video, imeanzia wapi, ina ukubwa gani, ichezwe saa ngapi, sauti yake ipi. Chukua ghala la karafuu msimu wa mavuno. Magunia yamejaa hadi darini, lakini daftari la karani halipo. Karafuu haijapotea hata punje, ila hakuna wa kukwambia gunia lipi la nani. Sasa kamera nyingi huandika daftari mwisho kabisa, ukishabonyeza kusimamisha. Betri ikifa kabla ya hapo, mzigo umo na karani hakuandika kitu. Ndiyo maana ukubwa wa faili unaonekana mzuri, na ukilijaribu kwa programu ya video iitwayo FFmpeg inalalamika kwamba moov haikuonekana. Mimi nikiona malalamiko hayo hufurahi. Faili la KB 0 ndilo linalonivunja moyo.

Kwa maradhi hayo ipo programu ya bure iitwayo untrunc. Haikonvati. Inataka uipe video nyengine isiyo mbovu, iliyorekodiwa na kamera ile ile kwa mpangilio ule ule, ijifunze karani wa kamera hiyo huandika vipi, kisha iliandike upya daftari lililokosekana. Nikamwomba mama sampuli. Mpwawe, ndiye aliyerekodi, akanitumia kwa WhatsApp. Haikufaa! WhatsApp huibana video upya inapoituma kama video ya kawaida, kwa hiyo kilichonifikia kilikuwa kazi ya simu, si ya kamera. Ilibidi aitume tena kama waraka, na hapo ndipo ikaja kama ilivyo.

Dhana ya tatu ni ya hatari, na mmoja wa wale vijana alikuwa na kidole juu ya kitufe: "Kompyuta ikisema kadi ifomatiwe, kubali." Usikubali. Fomati ya haraka hufuta orodha ya vilivyomo, na chochote utakachorekodi baadaye hukaa juu ya vya zamani. Hata ule ukarabati wa diski wa Windows unaweza kukuachia vipande vyenye mwisho wa CHK badala ya faili. Ninachofanya mimi, kabla hata ya kuagiza chai, ni kuinakili kadi nzima kwenye diski nyengine kwa programu ya kunakili iitwayo ddrescue, kisha kadi naiweka pembeni. Majaribio yote kwenye nakala.

Wapo wanaoapa kwamba VLC, programu ya kuchezea video, hutengeneza video yoyote. Inao ukarabati, lakini ni wa AVI. MP4 isiyo na moov haiiwezi.

Kuna na mafaili yanayosingiziwa ubovu bure. Video ya simu inayotoa sauti peke yake kwenye laptopu ya zamani mara nyingi ni H.265, mfumo wa kubana video wa mwaka 2013 ambao laptopu hiyo haiujui; kibovu hapo si faili. Sauti kupishana na midomo baada ya kukonvati nako kuna sababu yake: simu hurekodi fremu kwa mwendo unaopanda na kushuka, na programu ya kuhariri imedhani mwendo ni mmoja. Iambie itoe fremu 25 au 30 kwa sekunde, zisizobadilika, mara nyingi inatulia. Na maulidi yaliyokatika katikati ya kasida? Kadi za GB 32 kushuka chini kwa kawaida hutumia FAT32, mfumo wa kupanga mafaili kwenye kadi, na huko faili moja haliwezi kufika GB 4. Kamera hufunga faili na kufungua jengine. Tafuta la pili humo humo, uyaunganishe.

Ile nikaha ilitoka siku ya pili, jioni. Sekunde za mwisho hazimo, kwa sababu hazikuwahi kufika kwenye kadi, na hizo hakuna programu ya kuzirudisha. Mama alivuta kiti mpaka pua inagusa kioo.

"Na pale alipokwama?"

"Pamo, mama. Sogea nyuma kidogo uone vizuri."