Dodoso la ulaji linapima kweli tunachokula? Maelezo kwa wakazi wa Kigoma

Ukiwa mkazi wa Ujiji, Kasulu au Buhigwe, huenda umewahi kukalishwa na mtu mwenye kishikwambi mkononi akikuuliza ulikula nini jana, tangu ulipoamka hadi ulipolala. Mwingine huja na orodha ndefu: samaki mara ngapi kwa wiki, maharage mara ngapi, mayai je? Majibu yako yanaunganishwa na ya wenzako, yanapigiwa hesabu kwa jedwali la virutubishi (Tanzania ina la kwake, lililochapishwa mwaka 2008), na mwishoni inatoka taarifa kwamba wanawake wa eneo fulani wanapata protini kiasi hiki na vitamini A kiasi kile. Watu hutuuliza sisi tunaofanya kazi ya lishe: namba hizo ni za kuaminika? Kwa watu wengi kwa pamoja, ndiyo, kama kazi imefanywa vizuri. Kwa mtu mmoja mmoja, kuwa mwangalifu sana.

Shida inaanza kwenye chungu. Mama amesonga ugali wa muhogo, amepika dagaa na sombe iliyoungwa kwa mawese, na watoto watano pamoja na shangazi yao wamekula sinia moja. Mhojaji anauliza: wewe ulikula kiasi gani? Hakuna aliyehesabu matonge. Mkubwa wa mikono hula zaidi, mdogo anaambulia mchuzi, na mama mwenyewe mara nyingi hukaa chini wengine wakiwa wamekwisha fika katikati. Mhojaji aliyefundishwa vizuri humpa mama unga uliokandwa afinyange tonge kama lake, au humwomba alete bakuli lile lile ajaze maji hadi pale mboga ilipofika, kisha anapima yale maji. Hata hivyo bado ni makadirio. Mawese ndiyo magumu kuliko yote, kwa sababu yanamiminwa kwa mkono uliozoea moja kwa moja kutoka kwenye chupa, na vijiko viwili vya ziada vinabadilisha kabisa hesabu ya mafuta na ya vitamini A ya siku ile.

Kisha kuna kusahau. Mtu atakwambia kwa moyo mweupe kwamba hakula kitu mpaka mchana. Ukimrudisha taratibu, alipita wapi, alikutana na nani, ndipo zinatokea karanga za kwenye foleni ya maji, kipande cha muhogo cha shambani, embe aliloliokota njiani, sukari ya chai. Ndiyo maana mahojiano mazuri ya kumbukumbu ya saa 24 hupita siku ile ile zaidi ya mara moja: kwanza orodha ya haraka, halafu vilivyosahaulika, muda na mahali, vipimo, na mwisho kurudia yote. Anayemaliza nyumba kwa dakika tano anarudi ofisini na namba pungufu.

Na kuna kuona haya. Wapo wanaotaja samaki ambaye hakuliwa kwa sababu mgeni amekaa pale na jirani anasikiliza. Wapo wanaopunguza wakidhani anayeandika ameleta mgao. Siwalaumu, anayepaswa kueleza vizuri kwa nini anauliza ni mhojaji.

Kwa muda mrefu wataalamu walipima dodoso moja kwa kutumia dodoso jingine. Mtu aliulizwa kwa njia mbili, majibu yakifanana ikasemwa dodoso ni sahihi. Lakini aliyesahau sukari ya chai mara ya kwanza ataisahau na mara ya pili, kwa hiyo majibu yatafanana na yote mawili yatakuwa na kosa. Ilibidi atafutwe mwamuzi asiyetegemea kumbukumbu wala ulimi, naye akapatikana kwenye mkojo. Mtu anakunywa maji ambayo hidrojeni na oksijeni zake ni nzito kidogo kuliko za kawaida, hazina madhara, halafu kwa takriban wiki 2 mkojo wake unapimwa kuona zinavyopungua. Hapo inajulikana mwili umetumia nishati kiasi gani, na kama uzito haukubadilika, alichotumia ndicho alichokula. Kwa protini hukusanywa mkojo wote wa saa 24 na kupimwa naitrojeni, kwa kuwa takriban nne ya tano ya naitrojeni tunayokula hutokea huko.

Utafiti mkubwa wa namna hiyo ulifanyika Maryland, Marekani, mwaka 1999 na 2000, kwa watu 484 wenye umri wa miaka 40 hadi 69. Walipoulizwa ya jana, wanaume walitaja nishati pungufu kwa asilimia 12 hadi 14 na wanawake kwa asilimia 16 hadi 20. Kwa dodoso la "mara ngapi", upungufu ulipanda hadi asilimia 31 hadi 36 kwa wanaume, na 34 hadi 38 kwa wanawake. Protini nayo ilitajwa pungufu. Yaani karibu theluthi moja ya chakula haikufika kwenye karatasi, na hao ni watu wanaonunua vyakula vingi vyenye uzito ulioandikwa kwenye pakiti. Mimi sioni sababu ya kudhani kwamba sinia la Kigoma ni rahisi zaidi kulipima.

Hata kama hakuna aliyesahau lolote, siku moja haimwelezi mtu. Katika utafiti mwingine wa Marekani uliochapishwa mwaka 1987, watu 29 waliandika kila walichokula kwa mwaka mzima. Ilipopigwa hesabu, kujua kwa uhakika wa kutosha nishati anayokula mtu mmoja kwa kawaida kulihitaji wastani wa siku 31 za kumbukumbu. Vitamini A ilihitaji siku 433! Lakini kwa wastani wa kundi zima, siku 3 zilitosha kwa nishati na 41 kwa vitamini A. Hapa ndipo nguvu ya dodoso ilipo. Leo wewe umekula embe mbili na jirani hakula, kesho ni zamu yake; katika watu wengi mabadiliko hayo yanafidiana, ila kwa mtu mmoja yanabaki yalivyo. Kilichosahauliwa na wote hakifidiwi na chochote, na hilo ndilo kosa tunaloliogopa zaidi.

Kwetu kuna jambo ambalo mpangaji wa utafiti aliye mbali na ziwa anaweza asilijue. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa wavuvi wengi hupumzika. Timu ikifika Kibirizi wakati wa giza itakuta dagaa wabichi kila nyumba. Ikifika kwenye mbalamwezi itakuta maharage, au dagaa wakavu kidogo tu. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Takwimu za ulaji wa samaki zilizokusanywa Julai ya mwaka ule haziwezi kuwekwa pamoja na za Oktoba bila kuelezwa. Ukisoma ripoti yoyote kuhusu lishe ya Kigoma, tafuta kwanza mwezi ambao takwimu zake zilikusanywa.

Vipo virutubishi ambavyo dodoso halivioni kabisa. Chumvi ni mfano mzuri. Mpishi hutia kwa vidole, mlaji huongeza mezani, na hakuna anayeweza kusema alikula gramu ngapi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri zisifike 5 kwa siku kwa mtu mzima. Mkojo wa saa 24 unatoa jibu, kwa sababu sehemu kubwa ya sodiamu tunayokula hutoka humo. Madini joto ndiyo zaidi: chumvi yenye madini joto na isiyo nayo huwezi kuzitofautisha kwa macho wala kwa ulimi, hata ukiwa mzaliwa wa Uvinza kunakozalishwa chumvi. Hapo unapimwa mkojo wa watu wengi, na chumvi yenyewe jikoni.

Siku hizi tafiti nyingi hutumia njia fupi kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49. Haiulizi kiasi, inauliza tu kama jana ulikula kutoka katika makundi 10 ya vyakula, na anayefikisha 5 anahesabiwa kuwa na mlo wenye mchanganyiko wa kutosha. Naipenda, maana inaepuka vita ya vipimo. Ila ifahamike kwamba mafuta hayamo katika makundi yale 10, mawese yakiwemo, ingawa mawese mekundu yana kiasi kikubwa cha kirutubishi ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Ugali wa muhogo, dagaa, sombe, na nyanya na vitunguu vya kutosha vinampa mama makundi 4. Maharage yakiongezeka, amefika 5. Mawese hayakumpa alama hata moja, japo mwili wake umeyapata.

Kwa hiyo mhojaji akifika, mpe ya jana kama ilivyokuwa, hata kama jana ilikuwa mbaya, au ilikuwa ya harusi. Usimpe ya "kawaida yetu" kama hakuuliza hivyo. Mwoneshe bakuli na kijiko vyenyewe, mwambie mlikuwa wangapi kwenye sinia, na utaje ulichokula nje ya nyumba. Na kama kuna aliyekuuliza maswali kumi, au programu ya simu, kisha ukaambiwa una upungufu wa madini chuma, usikimbilie kununua vidonge kwa jibu hilo. Nenda kituo cha afya upimwe wingi wa damu. Dodoso halioni minyoo, halioni malaria, wala halijui kwamba chai uliyoinywa pamoja na maharage imezuia sehemu ya madini chuma kuingia mwilini.