Mwanafunzi wa udaktari na sanaa: dhana potofu na ukweli

Mwaka 2016 jarida la kitabibu la JAMA, la Marekani, lilichapisha uchambuzi wa tafiti kutoka nchi 43. Asilimia 27.2 ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) au dalili zake, na kati ya waliobainika, ni asilimia 15.7 tu waliotafuta matibabu. Wengi wao hutoka wodini na jambo moyoni wasijue walitue wapi. Waambie wachore au waandike, utasikia haya.

"Mimi si msanii."
Hii ndiyo inayowazuia wengi, na ndiyo inayoniuma zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 udongo wa kufinyanga, kalamu za rangi na karatasi za kubandika, wakawaacha wajifanyie kazi kwa dakika 45. Kwa takriban robo tatu yao, kotisoli, homoni inayopanda mtu anapokuwa na msongo, ilishuka, na waliokuwa na uzoefu wa sanaa hawakuwazidi wageni. Utafiti huo ulikuwa mdogo, tena bila kundi la kulinganisha, kwa hiyo tusiubebeshe kuliko uwezo wake. Lakini unaafikiana na ninachokiamini: kuchora huku si kwa ajili ya maonyesho. Aliyemwona mgonjwa akikata roho kwa mara ya kwanza anaweza kuandika ukurasa mzima wenye makosa, kisha akauchana. Ukurasa huo umeshamsaidia. (Akitaka kuwasomea wenzake, aondoe kwanza kila kinachoweza kumtambulisha mgonjwa. Siri ya mgonjwa haina likizo.)

"Sina muda."
Tafiti za kuandika yaliyo moyoni, zilizoanza miaka ya 1980, mara nyingi hutumia dakika 15 hadi 20 kwa siku, siku tatu au nne basi.

"Sanaa inakula muda wa masomo."
Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wanafunzi 36 wa mwaka wa kwanza waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilihudhuria vipindi sita vya kutazama michoro katika jumba la makumbusho, kila kimoja saa moja na nusu. Baadaye kundi hilo lilionyesha maendeleo zaidi katika kueleza linachokiona, hata kwenye picha za macho yenye maradhi. Kutazama kwa makini ni nusu ya kazi ya udaktari.

"Chuo kikianzisha darasa la uchoraji, tatizo limekwisha."
Hapana. Rangi hazipunguzi zamu ndefu, wala hazimzuii mwalimu anayemfokea mwanafunzi mbele ya mgonjwa. Chuo kirekebishe hayo pia. Na darasa lenyewe liwe la hiari, lisitolewe alama, la sivyo litageuka mtihani mwingine.

Wala sanaa si mbadala wa tiba. Mwenye huzuni isiyomwachia kwa wiki mbili amwone mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili. Anayewaza kujiua asindikizwe siku hiyo hiyo. Daftari lake anaweza kwenda nalo.